Dhiraa Nne

Baba alikuwa akisema: alfajiri haianzi kwa jogoo.
Jogoo wa Mbale huwika hata saa nane za usiku
akiona taa ya pikipiki inapanda kilima.
Ukitaka kujua kama usiku umekwisha,
shika uzi wa buluu, ulaze kando ya mweupe.
Ukizitofautisha nyuzi, kumekucha, sali.

Hayo ni ya wazee wa kale. Mmoja akabisha:
buluu na kijani, hizo ndizo hudanganya macho.
Mwingine akasema, mbwa na mbwa mwitu.
Wa mwisho akawaachia nyuzi zao na mbwa wao:
mpaka umwone jirani, dhiraa nne,
ukamtambua.

Nilicheka. Dhiraa nne ni mkeka wetu wa kuanikia kahawa.
Nani asimjue jirani, mkeka mmoja tu ukiwa kati?

Gershomu Mutenyo, mwana wa baba mdogo,
tuliyekula naye sahani moja mpaka tukaota ndevu, yeye,
na mimi nikaota ukali,
alivuka bonde miaka sita iliyopita.
Kilima cha pili wanawake husali nyuma ya pazia.
Akavaa kofia nyeusi, akaiacha niliyomfumia,
ya zambarau na chungwa.
Akasema maji tuliyozamishwa hayakutosha.
Toka hapo, sokoni, tulisalimiana kwa bei.
Nyanya ngapi?
Mia tano.
Basi.

Baba akafa Jumanne, mvua imekaa juu ya Wanale.
Siku ya tatu ya matanga, ukungu umemwagika uani,
tulikuwa tisa.
Tisa hawawezi kusema sala ya wafiwa.
Tisa ni watu tu, wameketi.
Nami nilikuwa nimejihesabu,
kwa sababu kwetu nahesabiwa.

Kisha buti za mpira njiani. Umbo.
Sikujua ni nani. Kofia tu, nyeusi, ndani ya weupe,
na moyo wangu ukaisoma kofia
kabla macho hayajamsoma mtu.
Akapiga hatua. Akafika ukingo wa mkeka.

Pua ya baba.
Ile pua ya baba, imefufuka, imevaa buti.

Kwetu watu hawahesabiwi kwa vidole kama mbuzi.
Husomwa aya yenye maneno kumi, kila mtu na neno lake.
Gershomu akaanza na mzee Eliabu,
midomo ikisogea bila sauti, akaenda, akaenda,
akajipa mwenyewe la tisa.
Nikabaki mimi, na lililobaki lilikuwa "milele".

Akanyamaza.
Kwa hesabu yake nilikuwa hewa iliyofunga kitambaa.
Kwa hesabu yangu alikuwa mwizi wa miaka sita.
Neno hakulisema. Sitamsingizia kwamba alilisema.
Aliketi chini, kwenye udongo, nilipoketi mimi.

Nikaanza. Sauti ikakwama pale sifa zinaporundikana,
na kutoka ubavuni, si dhiraa nne, haikufika hata moja,
ikaja "Amina"
nene, yenye mafua,
ikaninyanyua kwapani kama mtoto aliyeteleza.

Baba alipenda kutuonyesha gombo:
herufi zisigusane. Zikishikana, gombo ni batili.
Kila moja ina ua wake wa ngozi tupu.
Lakini moja ikifutika, hata ile ndogo kama mbegu ya ufuta,
gombo zima ni batili vilevile.
Nilidhani anatufundisha mwandiko.

Baadaye alikunywa chai, akakataa mkate,
jiko langu si jiko lake. Sikununa.
Au nilinuna kidogo.
Mlangoni akageuka, ukungu umeshampokea nusu.

Kesho saa ngapi?
Saa kumi na mbili na nusu.
Ukungu huwa mzito saa hiyo.
Basi sogea karibu.