Na Wengine

Nilianza na bili ya maji.
Jina lililokuwa juu yake sikulijua:
K. V. Popat, Kuze, nyumba ya ghorofa moja,
na deni la shilingi arubaini na senti
ambalo hakuna aliyenidai, lakini nililionea haya.

Manispaa, karani alikuwa anakula mahamri.
Akapangusa vidole, akanishushia daftari la kodi za majumba,
jalada limeliwa na mchwa.
Mwaka thelathini na mbili: Mwana Esha binti Shee, mwenye nyumba.
Juu: Popat, fundi saa.
Chini: mchukuzi mmoja, na wengine.

Na wengine.
Mwandiko uleule wa kujivuna, mwaka hadi mwaka.
Fundi saa akaondoka, akaja mpiga pasi,
akaja mwalimu kutoka Wundanyi aliyelipa mapema kila mwezi,
na chini ya kila jina, walewale wasio na jina,
kana kwamba nyumba ina chumba chao
ambacho mimi sijakifungua.

Nina sababu yangu ya kuuliza.
Nilipokwangua chokaa chumba cha nyuma
zilitoka alama za penseli,
mistari mifupi, mmoja juu ya mwenziwe,
na kando ya kila mmoja herufi S.
Wa kwanza wanifika gotini.
Wa mwisho, kiunoni. Basi.
Juu yake ukuta mtupu.

Mjukuu wa Mwana Esha yuko Kisauni, anauza vipuri vya baiskeli.
Akanitolea kopo la biskuti lililojaa stakabadhi.
"Chukua, mimi zanijazia kabati."
Nyuma ya mojawapo mpangaji alikuwa ameandika:

  Kodi yako naijuwa, mwenye nyumba sijakana,
  Homa imenisumbuwa, na nguvu tena hapana,
  Nipe siku za kupowa, kumi, kisha twaonana,
  Usije ukatutowa, Saumu mchanga sana.

Upande wa mbele, kwa kalamu ya mwenye nyumba:
Nimepokea kwa Hamadi Mwinyihaji. Siku ya kumi na moja.
Ile siku moja hakuitaja zaidi.

Saumu.
Nikaenda msikitini kuomba kitabu cha maziko,
moyo ukatangulia, mimi bado navua viatu.
Nikapitisha kidole kwenye watoto. Walikuwa wengi,
wengine mwaka wa ndui, wengine mwaka wowote tu.
Saumu hamna. Nikashukuru,
kisha nikajiona mbaya,
maana hao waliomo nao walikuwa na kuta zao.

Nikafunua ukurasa mmoja zaidi, sijui kwa nini.
Hamadi Mwinyihaji, mchukuzi, Kuze. Kifua.

Usiku ule nilisimama na taa mbele ya ukuta.
Si mtoto aliyekoma.

Kwa Kadhi nilimkuta, miaka kumi na mitatu baadaye:
Saumu binti Hamadi, mahari shilingi mia mbili na kitanda,
walii ni ami yake, anwani nyumba hii hii.
Kumbe alikuwa akipita mlangoni kila siku
akirefuka bila mtu wa kumwambia simama wima,
kisigino ukutani, usidanganye.
Alikohamia baada ya hapo, daftari halisemi.
Nimeuliza Makadara, nimeuliza Likoni.
Bado nauliza.

Juzi manispaa wameleta fomu mpya.
Mwenye nyumba. Wakaao. Nafasi ni mstari mmoja.
Nikaandika jina langu, nikaandika Mwakio na mkewe Wakesho wa chini,
na mama yake Wakesho aliyekuja kutibiwa jicho akakaa,
na kitoto chao cha siku tisa, ambaye jina lake wanabishania,
na Bakari wa ghorofani, anayesema ni wa muda,
mwaka wa sita sasa.
Karani yuleyule, mahamri yaleyale:
"Mama, andika tu 'na wengine'. Nafasi haitoshi."

Nikaigeuza karatasi,
nikaendelea kwa nyuma.