Mafundo Matatu

Sikuwa na futi. Nilimpima dada yangu kwa kamba ya katani:
kutoka kiti hadi utosi, fundo la kwanza;
kutoka goti hadi usukani, la pili;
upana wa mabega, akiwa na sweta, la tatu.
"Mbona kama unanipimia jeneza?" akauliza Mbodze,
mikono yake ingali kwenye usukani
ingawa injini imezimwa.

Trekta lilikuwa la baba, na kabla ya baba
la chama cha wakulima wa pamba. Linanishinda umri.
Masika yaliyopita yalimkuta juu yake huko Jilore,
katikati ya shamba la watu,
hana hata jani la mgomba kichwani.
Akalima hadi magharibi, kwani ekari ilikwisha lipiwa,
akarudi na homa iliyomkalia kifuani wiki sita.
Daktari akasema: pafu la kushoto limeingia maji.
Mbodze akacheka, akakohoa:
"Basi la kulia bado kavu."

Mimi ni fundi wa kuchomelea.
Sina maneno ya kumwambia mtu apumzike.
Nina mashine, nina deni la umeme,
nina rundo la vyuma nyuma ya karakana yangu pale Ganda.

Nguzo nne: vitanda vya bweni lililofungwa.
Paa na kuta: mabati ya jiko la mama,
upande wenye masizi nikaugeuzia ndani,
akitazama juu auone moshi wa maharagwe yetu ya zamani.
Kioo cha mbele: mlango wa bafu
wa hoteli ya Waitaliano iliyofilisika,
bado umeandikwa *spingere*, yaani sukuma.
Sikulifuta.
Mpira wa kuzibia nyufa niliuchuna kwenye friji bovu
kama mtu achunavyo mbuzi.
Wipa moja, ya kuzungusha kwa mkono,
mpini wake mpini wa upawa.

Siku injini ilipowaka
kibanda kizima kilitetemeka kama meno ya mwenye malaria,
viungo viwili vikaachia.
Nilimpima dada; trekta sikulipima.
Nikakata tairi kuukuu, nikatandika vipande chini ya kila nguzo,
nikakaza nati upya, safari hii injini ikinguruma,
Mbodze akikanyaga mafuta polepole:
"Hapo. Bado. Bado. Hapo."

Kisha mvua ikaja bila hodi.
Nilisimama ukingoni mwa shamba, gunia la mbolea kichwani,
nikiitazama kazi yangu ikipanda matuta na kushuka,
wipa ikienda huku, ikirudi huku,
na ndani kukavu. Kukavu kabisa.
Nikaona fahari ya kipumbavu,
kana kwamba mvua yenyewe nimeizuia mimi.

Nusu ekari, akasimama.
Akafungua mlango, akanyoosha mkono.
"Lete msumeno wa chuma."

"Bati linanipigia ngoma. Silisikii trekta.
Sijui likinung'unika, sijui jembe likigonga jiwe.
Mimi nalima kwa sikio, wewe."

Nikambishia. Nikataja bei ya vijiti vya kuchomelea,
nikamtaja daktari.
Hakujibu. Alikata mwenyewe, ubavu wa kulia,
tundu kama kisahani cha kikombe, usawa wa sikio,
akazungushia kingo zake ukanda wa ndara.
Mvua ikapenya, ikamlowesha bega moja.
Bega la kulia, nikajiambia.
Daktari alisema kushoto.

Jioni, kurudi, kiti kilikuwa kimoja.
Kamba yangu ilikuwa na mafundo matatu tu,
yote yake.
Nikapanda nyuma, juu ya fremu ya jembe,
nikashikilia vyuma vya kitanda,
maji yakinishuka mgongoni hadi viatuni,
na kupitia tundu lile nikamsikia akisema,
sijui na injini, sijui na mimi:
"Kohoa tu. Kohoa. Tunafika."