Kuanzia Nafasi ya Saba

Ghala, Maskati. Saa nane mchana, jua limesimama
juu ya maegesho ya magari kama mdai mlangoni,
na mimi nimekabidhiwa kazi ya kupeleka mvua mawinguni.
Msicheke. Ndivyo barua ya idara ilivyoandikwa.

Mvua yenyewe ni ya miaka thelathini na minane.
Haikunyesha yote. Nyingine ilikokotolewa tu
na programu ya Fotrani aliyoiandika Muhanna bin Khalaf
angali ana nywele, kila mstari ukianzia nafasi ya saba
kama watoto wa chuoni waliopangwa kwa uzi.

Penye herufi C mwanzoni mwa mstari
mashine hupita bila kusoma. Hapo ndipo alipojificha.
Wenzake waliandika maelezo kwa lugha ya ofisi;
yeye, mzaliwa wa Mkoani, kwa lugha ya mama yake:

C     USIGUSE HAPA. NILIKESHA SIKU TATU.
C     UPEPO UKIZIDI, FUPISHA HATUA.
C     SIJUI KWA NINI INAKUBALI. ALHAMDULILLAHI.

Sikugusa. Hesabu zake za upepo na maji ni nzima.
Ugonjwa uko mwishoni, pale anapohifadhi:
faili moja, gogo moja, tangu saa ya kwanza hadi ya mwisho,
Bahari ya Arabu nzima imefungwa mtumba mmoja.
Ukitaka kujua maji yalipanda kiasi gani Kuriyati,
usiku mmoja, kisanduku kimoja cha ramani,
sharti uteremshe bahari yote.
Saa sita. Chai inapoa, unachemsha nyingine, nayo inapoa.

Kwa wajomba zangu, Birkat al-Mauz,
maji ya falaji hayagawiwi kwa kubomoa mfereji.
Yanakatwa kwa zamu: athari moja, nusu, robo,
na daftari la wakili linasema
nani afungue wapi, kivuli kikifika jiwe gani.
Mwenye shina moja la ndimu hachukui mto.

Basi nikakata.
Vipande vidogo, kila kimoja na jina lake,
kimebanwa peke yake, kinaokoteka peke yake,
na kando yake daftari fupi: mita, saa, latitudo,
nini kilipimwa na nini kilikisiwa.

Jaribio la kwanza, dhoruba ikatua Rubu al-Khali.
Mchanga ukafurika mita nne.
Ngamia walizama kwa hesabu safi kabisa.
Siku mbili natafuta kosa, macho mekundu kama pilipili,
nchi imelala ubavu kwenye kioo na mimi siioni.

Nikampigia Muhanna. Yuko Samail, sikio moja halisikii.
"Mawinguni? Wingu gani, Maskati hii?"
Ni mashine za watu, nikamwambia, ziko mbali, tunapanga.
"Kumbe kabati la kukodi. Semeni hivyo."
Kimya. Kijiko kikagonga kikombe upande wa pili.
"Fotrani hushuka na safu. Hiyo lugha yenu huenda na mstari.
Geuza. Kwangu tarakimu ya kwanza ndiyo inayokimbia."
Akakata kabla sijasema ahsante.

Jana mwanafunzi mmoja wa Kuriyati, Rayya,
amechota kipande kimoja kwa simu yake.
Hakuuliza habari za vipande wala mawingu.
Alitaka kujua maji yalifika kimo cha dirisha saa ngapi,
maana nyumbani kwao mama husema saa tisa,
baba husema alfajiri, na tangu usiku ule
hawajawahi kukubaliana.
Birika halijachemka, jibu limemfikia: saa tisa na robo.
Sijui kama nimewapatanisha au nimewagombanisha.

Leo, kabla ya kufunga ofisi, nimeteremka
hadi mwisho wa programu, chini kabisa,
nikaongeza mstari ambao mashine haitausoma:

C     NIMEGUSA HAPA TU. NILIKESHA SIKU MBILI.