Mia Mbili Ishirini na Moja

Mama, uliniuliza Jumapili, mikono yako imo ungani,
"Hasa hasa, huko Chiromo unapika nini?"
Nikasema: pete.
Ukakitazama kidole changu kitupu, ukanyamaza.

Si hiyo. Hii yangu ina pembe tano:
kaboni tatu, nitrojeni, oksijeni,
na hao wawili wa mwisho wameketi bega kwa bega
kama wapangaji wanaogombea bafu moja.
Hapo ndipo penye udhaifu.
Taa ya zebaki inanguruma ndani ya sanduku la bati,
feni niliyoinunua Luthuli inaipuliza isiungue,
na katika neli ya kwatzi, iliyobaki moja idara nzima,
mna maji maangavu
nilimozamisha wiki sita za maisha yangu.

Mwanga ule jicho haliuoni, ngozi huujutia.
Ukiipiga pete, inakatika pale pale kwa wale majirani,
inajikunja kuwa kijipete cha pembe tatu,
kimebanwa, kina hasira, hakikaliki,
kisha inafunguka tena, inafungana tena:
wale wale watano,
ila sasa kaboni moja imeketi katikati
ya nitrojeni na oksijeni.
Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wasema.
Koleo langu mimi, likivunjika,
lazaa koleo jingine kwa chuma kile kile.

Tatizo ni ushahidi.
Mashine ya uzani hunijibu namba moja tu:
kabla, mia mbili ishirini na moja;
baada, mia mbili ishirini na moja.
Ile inayosoma mpangilio imekufa tangu Machi,
na sampuli zangu zilipanda ndege kwenda Pretoria,
hazijapiga simu.
Wanza, yule wa mwaka wa pili, akachungulia karatasi:
"Basi hakuna kilichotokea."

Nilicheka. Kisha nikakikumbuka chumba chetu cha Kariobangi,
asubuhi ile baada ya sufuria kugonga ukuta.
Ulilisukuma kabati peke yako hadi dirishani,
ukatundika shuka la maua,
ukanilaza mimi, wa miaka saba, katikati yenu,
huku mgongo wa baba, huku pumzi yako.
Mwenye nyumba alipokuja kuhesabu vichwa
akaandika daftarini: watano. Magodoro mawili. Kodi ile ile.
Hakuna kilichotokea.

Jana, saa moja kasorobo, stima zikapotea.
Feni ikazimika, taa ikazimika,
ng'ambo ya mto jenereta za Riverside zikaanza kukohoa.
Nikatukana kwa lugha ya nyumbani.
Wanza akapapasa mezani, akaipata kurunzi ya betri,
ile ya kumulikia vibao,
akaibonyeza ili aone njia ya kutokea,
na mwali wake ukaangukia neli yangu.

Buluu, Mama.
Buluu ya moto wa gesi ukiwa chini kabisa,
imejaa neli nzima, imetulia.
Pete ya kale haing'ai hivyo. Haijawahi.
Tulisimama gizani kama watu waliosikia mlango ukifunguliwa
katika nyumba waliyodhani haina mtu.

Leo nimeikausha, nikaisafisha, nikaipasha moto polepole.
Ya zamani huvumilia hadi mia na arobaini;
hii ililegea sabini na mbili, ikawa tone.
Dakta Sigei alivua miwani, akaifuta, akaivaa.
"Rudia mara tatu," akasema, "ndipo tuzungumze."
Kwake yeye, hiyo ni vigelegele.

Kwa hiyo naosha vyombo, naanza upya.
Jumapili nitakuja.
Najua unataka kulirudisha kabati ukutani
sasa kwa kuwa baba hayupo na sote tumetawanyika.
Ningoje kidogo.
Nataka kwanza nipige magoti kwenye saruji ile
nizione alama nne za miguu yake,
pale lilipokuwa likisimama zamani.