Utenzi wa Tikiti Mbili

Lete kalamu, Nafisa,
nikuandikie kisa
cha shangazi, na mikasa
ya waliomuwania.

Batuli wa Kibokoni,
mwenye kipini puani,
kipita uchochoroni
cherehani zatulia.

Twalibu na baiskeli,
karani mwenye kauli,
kengele apiga mbali
bibi apate sikia.

Shekuwe, fundi wa saa,
kimya chake ni balaa;
mbele ya nyumba hukaa,
saa akisingizia.

Ni mwaka ule sinema
ilipoanza kusema,
bibi zetu wakahema:
“Ukuta watuimbia!”

Ikaja picha ya nyimbo,
Waingereza na fimbo,
wawili; naye mrembo
kofia wamvulia.

Jumapili alasiri
wanawake, kwa desturi,
huingia kwa sitiri,
waume nje wasalia.

Yule kaleta tikiti,
na huyu naye tikiti;
Batuli hakutafiti,
zote kazifutikia.

Moja ikawa ni yake,
ya pili ya bibi yake,
kiziwi, na kofi zake
nyimbo alizipigia.

Nami, mwana wa miaka
mitano, nikafichika
nguoni mwake, nacheka,
mlango nikapitia.

Mzungu huyu aimba,
yule na ngazi ayumba,
ngazi yakatika kamba,
ziwani watumbukia!

“Ni Twalibu!” akataja
jirani; tena mmoja:
“Shekuwe naye yuaja!”
Mbavu tukazishikia.

Nje, mvua ya masika
wawili inawashika;
mwavuli umevunjika
ndio wajifunikia.

Shekuwe katoa njugu,
Twalibu: “Ahsante, ndugu.”
Wakasahau vurugu,
mpira wasimulia.

Ndani, bibi wa Kizungu
ataka chagua fungu,
pa! utepe, moshi, wingu,
na taa zatuwakia.

“Kapenda yupi?” twauliza.
Fundi kichwa atingiza.
Bibi yetu akabeza:
“Mwerevu angekimbia!”

Kwa mlango wa uani
tukatoka, tu njiani,
Batuli yu furahani,
wimbo ajiimbilia.

Wale wawili, walowa,
lango kuu wakakawa,
kufuli ikishatiwa,
njugu zimewaishia.

Mwaka mmoja kupita
duka moja wakapata,
la saa, pampu, mafuta,
wakafanya la ubia.

Na Batuli? Bado upo?
Kalamu, Nafisa, ipo?
Iweke chini. Ni hapo
picha ilipoishia.