Koti la Baba

Nilianguka kutoka boriti ya nne ya bani.
Si juu sana, watu wanasema.
Nami nasema: juu ya kutosha.
Majani ya tumbaku yalishuka nami, mabichi, yananata,
na sakafu ikanigonga kisogoni
kama mtu anayebisha hodi mara moja tu.

Kitete walinipiga picha. Hakuna ufa.
"Gamba zima," akasema Tabibu Lugendo,
"kiini ndicho kilichosukwasukwa."
Akaandika: giza, usingizi, maji,
wiki tatu bila kusahihisha madaftari.
Kisha kalamu ikasita. "Nyumbani nani anavuta?"

Nani asiyevuta, Urambo?
Hata ada yangu ya chuo ilivutwa na watu nisiowajua,
pumzi kwa pumzi, hadi nikapata cheti.

"Asivutie karibu nawe. Moshi hula hewa ya kwenye damu,
na hicho kichwa kinapona kwa hewa hiyo hiyo."
Rahisi kusema, kwa mwenye madirisha ya kioo.

Baba huvutia kizingitini, amenipa mgongo,
kwa adabu, anavyodhani.
Moshi hauna adabu. Unapenya chini ya pazia,
unaketi kitandani kwangu kama shangazi asiyeaga,
na nyuma ya jicho la kushoto
mtu anaanza kutwanga.

Siku ya tisa nilimsomea barua ya chama cha msingi.
"Kilo…" nikakwama.
Tarakimu zilikuwa pale pale,
hizi nilizozifundisha miaka sita,
zinanitazama kama watoto wa shule nyingine.
Nikaanza upya. Nikakwama.
Baba akaichukua barua mkononi mwangu, taratibu,
akazima sigara yake kwa vidole.
Hakusema kitu.

Mimi sikumwambia. Msonde ndiye aliyemwambia,
kwa hasira, mbele ya balozi wa nyumba kumi.
Simsifu.

Tangu hapo, usiku, naona nukta nyekundu
ng'ambo ya bani, kwenye umande,
inawaka, inafifia, inawaka.
Kichwa changu kimemhamisha mzee
kutoka mlango alioujenga mwenyewe.

Alfajiri huja akinyata.
"Wangaluka, Nyanzobe."
Ananifunika koti lake,
koti lenye miaka thelathini ya moshi.
Nabana pumzi hadi atoke,
kisha nalisukuma miguuni,
kisha nalivuta tena, hadi magotini,
si zaidi.

Leo nimelikuta kwenye kamba.
Amelifua mwenyewe, vibaya, povu bado kwenye kola.
Linachuruzika. Nikakaa mlangoni kuhesabu matone:
thelathini na nane, thelathini na tisa,
nikapotea,
nikaanza tena na moja.