Joho la Kila Mwaka

Mimi Marzuku, fundi wa nguo wa Charu,
nimepima mabega ya makhani watatu
kwa kamba moja yenye mafundo.

Joho lilitoka kwa Shah kabla tende hazijaiva,
limekunjwa ndani ya ngozi ya mbuzi, likinuka ngamia.
Huko Shirazi hawakujua kimo cha mtu wetu;
walishona la mtu yeyote.
Kazi yangu, usiku huohuo,
ilikuwa kulifanya lionekane limezaliwa naye.

Faramarzi alikuwa mchunga punda wa chumvi.
Alilinda njia ya misafara kwa bunduki tisa,
akalipa ushuru kabla ya kuulizwa,
basi akaitwa Khan.
Joho la kwanza lilimbana kifuani.
Nikafumua ubavu, nikatia kiraka cha kanzu yangu
mahali pasipoonekana.
Alipolivaa akalia.
Nikajifanya natafuta sindano.

Mwanawe Sohrabu akajenga mnara wa upepo,
na birika, na forodha yenye mizani ya shaba.
Kwa Shah aliandika: mimi ni vumbi la mlangoni pako.
Kwetu, tulimwamkia mpaka vilemba vikagusa mchanga.
Mama yangu, aliyeletwa kutoka Mrima
na lugha yake akaificha chini ya ulimi,
alimwaga maji uani, akicheka:
“Nguo ya kuazima, mwanangu…”
Hakumaliza. Hakukuwa na haja.

Kiumarsi alichelewesha ushuru miaka miwili.
Mvua imekataa, alisema. Kweli ilikataa.
Lakini alinunua saa za ukutani sita,
na hakuna iliyokubaliana na mwenzake.

Mwaka ule joho lilikuja mapema.
Khan akasimama, mikono wazi, kama mtoto anayeogeshwa.
Mikono ya joho ikapita vidole vyake kwa shubiri nzima.
Nikageuza pindo:
chaki ya fundi mwenzangu ingalipo,
mistari ya mtu aliyepimwa. Mtu mrefu.
“Punguza,” akasema Khan.
Mkasi mkononi, sikukata.

Mwenyewe alifika siku ya nne,
na askari, na daftari,
akainama kuupita mlango.
Lilimkaa sawasawa.

Sasa forodha ni zizi.
Mnara bado hushika upepo
na kuupeleka chumba kisicho na mtu.

Jana Kiumarsi alileta joho la babu yake
nimkatie matandiko ya punda.
Nilipofumua ubavu, akaona kiraka,
akauliza kitambaa hiki kimetoka wapi.
Nikatafuta sindano.